Mtambo Unaorudi Karakanani Mara kwa Mara

Kila askari aliyewahi kusafiri kwa lori la kikosi anaifahamu hali hii. Gari limekwama njiani; fundi ameitwa, kifaa kilichovunjika kimebadilishwa, injini imenguruma tena na safari imeendelea. Baada ya wiki tatu gari lile lile limekwama tena. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema dereva ni mzembe, wa pili husema fundi hajui kazi yake, na wa tatu husema gari lina mkosi. Wote watatu hunena kwa uhakika mkubwa, na mara nyingi hakuna hata mmoja wao aliyelifungua daftari la gari.

Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi kwamba kuharibika kwa mtambo mara kwa mara kuna elimu yake. Wataalamu wa hesabu wameunda vielelezo vya kupima matukio ya nasibu, yaani matukio ambayo hakuna ajuaye siku yatakapotokea, lakini ambayo kwa pamoja yana utaratibu unaoweza kusomwa. Elimu hiyo haitoshelezwi na swali la mtambo umeharibika mara ngapi. Inauliza zaidi: je, vipindi kati ya hitilafu moja na nyingine vinafupika, vinarefuka, au vinabaki vilevile? Tutaieleza kwa mifano inayohusu Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa kuwa huko mtambo ukisimama, wanaoumia ni wengi kuliko wenye mtambo.

PAMPU MOJA, WATU MIA TANO

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo ya zamani kabisa barani Afrika. Yamegawanyika katika sehemu tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, na humo wamepata hifadhi watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na nchi nyingine. Sehemu ya maji yao huvutwa kwa mitambo kutoka Ziwa Nakivale, yakasafishwa na kutiwa dawa, kisha yakapelekwa kwenye matangi na mabomba ya umma. Mashine ya kuvuta, bomba kuu, tangi na koki hufuatana kama mnyororo. Pete moja ikikatika, maji hayafiki.

Kwa kipimo cha kimataifa kinachofuatwa na mashirika ya misaada, pampu moja ya mkono haifai kuhudumia zaidi ya watu 500, na koki moja ya bomba haifai kuhudumia zaidi ya watu 250. Tuchukue vijiji viwili jirani, kila kimoja kina pampu moja na watu 500. Pampu moja ikifa, watu wake huhamia kwa jirani, na pampu iliyobaki huhudumia watu 1,000. Foleni huwa ndefu, na foleni ndefu ya maji wakati wa kiangazi huweza kugeuka ugomvi, ambao ni kazi ya polisi. Mwenye kuchoka kungoja hushika njia ya ziwani, akateka maji yasiyosafishwa, na kipindupindu hakingoji vipuri vifike. Aidha, ile pampu ya pili, ambayo sasa inafanya kazi maradufu, nayo huchakaa upesi. Hivyo hitilafu moja huzaa nyingine.

FUNZO LA MATEKE YA FARASI

Kabla ya kumlaumu mtu, yafaa tujue nasibu yenyewe ina sura gani. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ulitoka jeshini. Mwaka 1898 mtaalamu wa takwimu Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu za askari wapanda farasi wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika majeshi 10, kwa miaka 20 tangu 1875 hadi 1894, alikuwa na rekodi 200, kila moja ikiwa ya jeshi moja kwa mwaka mmoja. Waliokufa walikuwa 122. Rekodi 109 hazikuwa na kifo chochote; 65 zilikuwa na kifo kimoja; 22 vifo viwili; 3 vifo vitatu; na moja tu ilikuwa na vifo vinne.

Kisha akachukua kanuni ambayo Mfaransa Siméon Denis Poisson aliitangaza mwaka 1837, kanuni inayohesabu matukio yanayotokea kwa nasibu tupu. Kanuni hiyo ilitabiri rekodi 109 zisizo na kifo, 66 zenye kifo kimoja, 20 zenye viwili, 4 zenye vitatu, na karibu moja yenye vinne. Utabiri na ukweli vilikaribia kulingana.

Tutafakari maana yake. Kamanda wa jeshi lile lililopoteza askari wanne kwa mwaka mmoja angeweza kuitwa mzembe, na wale 109 wasiopoteza mtu wangeweza kuvishwa nishani. Lakini hesabu inaonyesha kwamba katika rekodi 200, mwaka mmoja mbaya namna hiyo ulikuwa wa kutazamiwa, hata kama makamanda wote walikuwa sawa. Vivyo hivyo, pampu ikifa mara mbili katika juma moja, au magari mawili yakikwama siku moja kwenye barabara ya Mbarara kwenda Nakivale, huo si ushahidi wa hujuma. Nasibu haigawi matukio yake kwa vipimo sawa kama posho. Huyamwaga hapa mengi na pale machache. Mtu asiwekwe rumande kwa sababu ya hitilafu mbili zilizofuatana tu.

MALORI MAWILI YENYE WASTANI MMOJA

Hata hivyo si kila hitilafu ni ya nasibu tupu. Tutoe mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane wazi. Malori mawili ya aina moja yamechunguzwa kwa mwendo wa kilomita 12,000 kila moja. Kila lori limeharibika mara 8. Karani wa usafiri anagawanya 12,000 kwa 8, anapata wastani wa kilomita 1,500 kati ya hitilafu moja na nyingine, na anaandika kwamba malori yote mawili yana hali moja.

Sasa tufungue madaftari. Lori la kwanza liliharibika mita yake iliposoma kilomita 100, 500, 1,000, 1,600, 2,400, 3,600, 5,400 na 8,400. Lori la pili liliharibika kwenye kilomita 3,600, 6,600, 8,400, 9,600, 10,400, 11,000, 11,500 na 11,900. Hapo mambo hubadilika kabisa. La kwanza lilianza vibaya, kila kasoro ikaondolewa, na vipindi vikazidi kurefuka. Kilomita 3,600 za mwisho limekwenda bila kusimama. La pili lilianza vizuri, lakini vipindi vimefupika kutoka 3,600 hadi 3,000, kisha 1,800, 1,200, 800, 600, 500, na mwisho 400. Lori la kwanza linapona. La pili linazeeka. Wastani wa karani haukuwa na kosa la hesabu, ila uliificha habari iliyokuwa muhimu kuliko zote, nayo ni mfuatano.

Ipo njia rahisi ya kupima mfuatano huo, inayoitwa kwa jina la mwanahesabu Mfaransa Pierre-Simon Laplace, aliyefariki mwaka 1827. Zijumlishe kilomita zilizosomwa kila gari lilipoharibika, kisha uzigawe kwa idadi ya hitilafu. Jibu ulilinganishe na nusu ya mwendo wote. Kama hitilafu hutokea kwa nasibu tupu, jibu litakuwa karibu na nusu. Likiwa chini sana, mtambo unapata nafuu; likiwa juu sana, mtambo unachakaa. Kwa malori yetu, nusu ni kilomita 6,000. Lori la kwanza linatoa 2,875, na la pili 9,125.

Afisa atauliza: tofauti kiasi gani itoshe kuaminika? Zidisha idadi ya hitilafu kwa 12, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha ugawe mwendo wote kwa kipeuo hicho. Kwetu sisi 8 mara 12 ni 96. Kipeuo chake ni karibu 9.8, na 12,000 kugawanya kwa 9.8 ni karibu 1,225. Tofauti ikizidi mara mbili ya kiasi hicho, yaani 2,450, ni vigumu kuisingizia nasibu. Malori yetu yote mawili yana tofauti ya 3,125. Kama tofauti ingekuwa ndogo, jibu la busara lingekuwa kuendelea kuandika na kutotoa hukumu.

JESHI LILIVYOITUMIA ELIMU HII

Mwaka 1964 mhandisi J. T. Duane wa kampuni ya General Electric ya Marekani alichapisha uchunguzi wake wa mitambo iliyokuwa katika majaribio. Alipochora jumla ya hitilafu dhidi ya jumla ya saa za kazi kwenye karatasi ya mizani ya logi, alama zilikaa karibu na mstari mnyoofu. Mwaka 1974 Larry Crow, mtaalamu wa hesabu katika kituo cha Jeshi la Marekani cha kuchambua zana, aliupa mchoro huo msingi wa hesabu za nasibu, na tangu hapo umetumika kupima magari na silaha.

Kiini cha kielelezo hicho ni namba moja, yaani kipeo. Kipeo kikiwa 1, hitilafu huja kwa nasibu tupu, wala umri wa mtambo hauongezi wala haupunguzi kitu. Kikiwa chini ya 1, mtambo unaimarika. Kikiwa juu ya 1, unachakaa. Kwa hesabu ya Crow, lori letu la kwanza lina kipeo cha karibu nusu, na la pili lina kipeo cha 3. Kutokana na namba hizo tunaweza kukadiria hali ya leo, mbali na wastani wa tangu mwanzo: lori la kwanza sasa linatazamiwa kuharibika kila baada ya kilomita 3,000 hivi, na la pili kila baada ya kilomita 500.

Tuseme sasa kuna mgonjwa Nakivale wa kuletwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara usiku, na safari ya kwenda na kurudi ni ya kilomita 100. Uwezekano wa lori la pili kukwama katika safari hiyo ni kama 18 katika 100. Wa lori la kwanza ni kama 3 katika 100. Afisa anayetazama wastani wa kilomita 1,500 atapeleka lolote lililo karibu na lango. Afisa anayesoma mfuatano atajua lipi la kupeleka. Hatari ya mgonjwa inapungua mara sita bila kununua hata msumari.

MSICHANGANYE VISIVYOFANANA

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wasomi. Mwaka 1963 Frank Proschan alichapisha uchunguzi wa mitambo ya kupozea hewa katika ndege aina ya Boeing 720. Vipindi vya ndege zote vilipowekwa katika jedwali moja, ilionekana kana kwamba mtambo uliokaa muda mrefu bila kuharibika unazidi kuwa imara, jambo ambalo ni la ajabu kwa chuma. Proschan alipozitazama ndege moja moja, aliona kwamba kila ndege ilikuwa na nasibu yake isiyobadilika. Kilichodanganya ni mchanganyiko: vipindi vifupi vilitoka zaidi kwa ndege dhaifu, na vipindi virefu vilitoka kwa ndege imara.

Funzo lake kwa karakana na kwa visima ni moja. Lori linalopita barabara ya lami kati ya Mbarara na Kampala lisiwekwe katika safu moja na lile linalopita vumbi na tope la vijijini. Pampu yenye watu 300 isihesabiwe pamoja na yenye watu 1,000. Kila mtambo uwe na ukurasa wake, kwa namba yake.

NAMNA TATU ZA KUTENGENEZA

Neno matengenezo lina maana zaidi ya moja, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Namna ya kwanza hurudisha mtambo katika upya wake, kama vile kuweka injini mpya. Namna ya pili huurudisha kazini tu, ukiwa na uzee ule ule uliokuwa nao dakika moja kabla haujasimama; kubadilisha mkanda mmoja katika injini ya miaka kumi hakuipunguzii injini hiyo hata siku moja ya umri. Wamarekani Richard Barlow na Larry Hunter waliieleza namna hii kwa hesabu mwaka 1960. Namna ya tatu iko katikati: mtambo hupunguziwa sehemu ya uzee wake, na Mjapani Masaaki Kijima aliitolea vielelezo mwaka 1989, akiupa mtambo umri wa kukadiria ulio tofauti na umri wa kalenda.

Barlow na Hunter walionyesha pia ni lini ifae kuubomoa mtambo wote na kuusuka upya. Mtambo wenye kipeo cha juu ya 1 una wakati wake ambapo matengenezo makubwa huwa na gharama ndogo kuliko kuendelea kuziba viraka. Lakini mtambo wenye kipeo cha 1 au chini yake haupati faida kwa kufunguliwa ovyo. Kuibomoa injini inayoimarika kwa sababu tu tarehe imefika ni kuialika kasoro mpya. Kwa hiyo lile lori la pili linastahili kuingizwa karakanani leo, na la kwanza liachwe lifanye kazi, likipewa mafuta, maji na ukaguzi wa kawaida.

Pampu za mkono zinatupa mfano ulio wazi zaidi. Aina zilizoenea Uganda ni U2 na U3, zilizotokana na pampu zilizobuniwa India. Kwa muda mrefu maji yalipandishwa kwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Pale ambapo maji ya ardhini yana tindikali, zinki huliwa, chuma hupata kutu, maji huwa mekundu na yenye ladha mbaya, na nguo hupata madoa. Mwishowe bomba hutoboka au hukatika kisimani. Fundi hodari huja, hutoa bomba bovu na kuweka jipya la chuma kile kile. Kazi yake haina dosari. Pampu imerudi katika upya wake. Lakini maji ni yale yale na chuma ni kile kile, na kipindi cha kutu kimeanza upya kuhesabiwa. Hitilafu ya aina hii hurudi kwa vipindi vinavyofanana, na kufanana huko ndiko kunakomfichua adui. Anayesoma daftari ataona kwamba tatizo haliko kwa fundi wala kwa wanakijiji, liko katika uteuzi wa chuma. Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilitoa agizo la kuacha kutumia mabomba hayo katika pampu za mkono. Agizo hilo lilifanya jambo ambalo spana haiwezi kulifanya, yaani kuubadilisha utaratibu wenyewe unaozaa hitilafu.

DAFTARI NI SILAHA

Elimu hii yote haina thamani bila kumbukumbu za kweli. Kwa kila hitilafu yaandikwe mambo matano: namba ya mtambo, kilomita au saa za kazi zilizosomwa kwenye mita, sehemu iliyoharibika, kilichofanywa, kama ni kubadilisha, kuziba au kusuka upya, na muda mtambo uliosimama. Tarehe peke yake haitoshi, maana gari lililoegeshwa mwezi mzima halikuchakaa kama lililofanya doria kila usiku. Hitilafu ndogo iliyotengenezwa na dereva mwenyewe njiani nayo iandikwe, kwa sababu hitilafu iliyofichwa hurefusha kipindi kwa uongo, na uongo huo utalipwa na dereva atakayefuata.

Hapa tuna neno kwa wenye vyeo. Dereva akijua kwamba kila hitilafu anayoiandika itamletea adhabu, hataandika. Daftari litakuwa safi, na lori litakwama. Uzembe uadhibiwe pale unapothibitika, lakini kuripoti kusiadhibiwe kamwe. Na kwa vijana wa karakana, tunasema kwamba kazi haimaliziki injini inaponguruma. Inamalizika mstari unapoandikwa.

Mwisho wa kila mwezi, afisa wa usafiri akae na karani wake, wajumlishe, wagawe, na walinganishe na nusu ya mwendo. Kazi hiyo haizidi saa moja kwa magari kumi, na vifaa vyake ni kalamu na karatasi. Msimamizi wa maji wa Nakivale naye aweza kuifanya kwa pampu zake, akihesabu siku za kazi badala ya kilomita. Wakifanya hivyo, watajua mapema lipi lipumzishwe, lipi litumwe usiku, na pampu ipi ipelekewe vipuri kutoka Mbarara kabla watu 500 hawajachukua ndoo zao na kushika njia ya ziwani.